Jachien: Neno Moja na Misiba ya Nyanza Kusini

Kiswahili kina ushahidi wake ndani ya kamusi. Mzimu ni roho ya marehemu, wazimu ni ugonjwa wa akili, na maneno hayo mawili ni ya shina moja. Anayesema kwamba fulani ana wazimu hutamka, bila kukusudia, maelezo ya kale ya maradhi hayo: fulani ana wafu wake. Pepo naye ana historia. Huko pwani mwenye pepo alichezewa ngoma, na mganga hakuanza kwa kumfukuza pepo huyo. Alimuuliza jina, ametoka wapi, anataka nini. Na mgonjwa aliitwa kiti, kwa kuwa pepo alikuwa amemkalia. Biblia ya Kiswahili ililichukua neno hilohilo likawa la adui mtupu, asiyestahili kusikilizwa. Mabadiliko ya namna hiyo yaliipata pia lugha ya Dholuo, kusini mwa Ghuba ya Winam, katika nchi ambayo serikali ya kikoloni iliiita Kavirondo Kusini, baadaye ikawa Nyanza Kusini, na ambayo sehemu yake ya Waluo leo iko katika kaunti za Homa Bay na Migori. Huko neno lenyewe ni jachien. Ninachodai ni kwamba makanisa yenye msimamo mkali yaliyomea huko hayakuleta imani kwamba mgonjwa wa akili ana pepo, wala hayakuiondoa. Yalibadilisha pepo huyo ni nani. Aliyekuwa marehemu mwenye jina na dai lake akawa Shetani asiye na ukoo, na kwa badiliko hilo majonzi ya muda mrefu yakakosa mlango wa kutokea.

Kabla ya misheni, Waluo walikuwa na maneno kadhaa pale ambapo sisi tunatumia moja. Neko ulikuwa wazimu wenyewe, na mwenye nao janeko. Juogi zilikuwa roho za aina nyingi, na si zote zilizoogopwa: mtoto mchanga akilia bila kunyamaza, wazee walitaja majina ya wafu mmoja mmoja, na jina lililomnyamazisha ndilo alilopewa, kwa maana mwenye jina alikuwa ameomba kukumbukwa. Michael Whisson, aliyeandika mwaka 1964 kuhusu maradhi ya aina hii miongoni mwa Waluo, alionyesha jinsi roho zilivyotofautishwa kwa asili yake: za ziwani, yaani nam, zile za majirani wa Lang'o, na zile zilizoitwa sepe. Jachien alikuwa kitu kingine. Huyo alikuwa marehemu mwenye kinyongo: aliyedhulumiwa akiwa hai, aliyetupwa bila kuzikwa ipasavyo, aliyefia ugenini na asirudishwe nyumbani. Wanaisimu watakwambia kwamba neno hili lina ndugu kwa Waacholi na Waalur, cen, lenye maana ileile ya kisasi cha maiti. Jamaa akianza kuweweseka, kukataa chakula au kutembea usiku, ajuoga, yaani mganga, alitafuta ni nani anayedai. Jibu lilikuwa na sura ya deni: kaburi halikufanyiwa haki, mjane alifukuzwa, ng'ombe alichukuliwa. Lilimrudisha mgonjwa katikati ya ukoo wake, na mara nyingi likauacha ukoo ndio wenye kosa, si yeye.

Taratibu za kifo zilikwenda sambamba na fikra hiyo. Kilio cha kwanza, nduru, kilipigwa na mwenye nyumba ili jirani ajue. Osuri, ule mti mwembamba unaochomoza kileleni mwa paa la nyumba ya mwanamume, uliondolewa, na yeyote aliyepita njiani aliona kwa jicho moja kwamba boma lile limepoteza mwenyewe. Wanaume walifanya tero buru: walitoka na ng'ombe, mikuki na ngao, wakipiga mbio hadi mpakani au porini kama waendao vitani, wakikifukuza kifo, kisha wakarudi wakiimba sifa za marehemu. Kulikuwa na kunyoa nywele, kulikuwa na ukumbusho uliofanywa baadaye. Mjane aliitwa chi liel, mke wa kaburi, na hali yake ya chola ilikuwa na masharti mazito: wapi aende, na nani ale naye, nyumba ya nani asiingie. Masharti hayo yalimbana, nitalirudia jambo hilo, lakini yalikuwa na jambo moja ambalo mwanahistoria hawezi kulipuuza. Yalikuwa na mwisho. Palikuwa na siku ambayo watu wote walijua kwamba huzuni hii sasa imefungwa, na kabla ya siku hiyo hakuna aliyemshangaa mfiwa kwa kuwa bado analia.

Mwezi wa Novemba 1906, Mkanada Arthur Carscallen na Peter Nyambo kutoka Nyasaland, Malawi ya leo, walifika kilima cha Gendia karibu na Kendu Bay na kuanzisha misheni ya Waadventista Wasabato. Walibatiza wa kwanza mwaka 1911. Carscallen alijifunza Dholuo, akaandika sarufi yake, akatafsiri sehemu za Agano Jipya na kuweka mtambo wa kuchapa palepale Gendia. Kutoka hapo kanisa lilisambaa hadi Wire karibu na Oyugis, Kamagambo kwa upande wa Migori, na vijiji visivyohesabika kati yake. Wamisionari Wakatoliki wa Mill Hill nao walijikita Asumbi. Lakini ni Wasabato waliolipa eneo hili rangi yake, na mafundisho yao kuhusu wafu yalikuwa tofauti na ya makanisa mengine yote ya mkoloni. Kwao marehemu amelala. Hajui neno, haoni, hasikii, hana dai, mpaka siku ya ufufuo. Anayeota baba yake aliyekufa akimwita, au anayemsikia mtoto wake akilia nyuma ya nyumba, hajatembelewa na baba wala mtoto: Shetani amevaa sura zao. Fundisho hili lina mantiki safi, na kwa mtu aliyechoka kudaiwa na wafu lilikuwa ukombozi wa kweli. Hapakuwa tena na sababu ya kumlipa ajuoga mbuzi kwa ajili ya babu ambaye hajui kama ana kaburi.

Tatizo likawa kwenye neno. Watafsiri walipohitaji jina la pepo wachafu wa Injili, katika tafsiri zilizofikia Biblia nzima ya Dholuo mwaka 1953, walichukua jochiende, wingi wa jachien. Chukua sura ya tano ya Injili ya Marko, habari za yule mtu wa nchi ya Wagerasi. Anaishi makaburini. Amefungwa minyororo akaikata. Analia usiku na mchana, anajikata kwa mawe. Msomaji wa Kendu Bay hakuhitaji mhubiri amweleze maradhi hayo: mtu anayelala makaburini akiwa na jochiende ni mtu aliyekamatwa na wafu. Na Yesu katika kisa hicho anafanya jambo ambalo ajuoga angelifanya, anamuuliza pepo jina lake. Kwa hiyo ukurasa ulisema kwamba wafu wanamtesa mtu, huku mimbari ikisema kwamba wafu hawawezi kumtesa yeyote. Kati ya ukurasa na mimbari, muumini alibaki na hofu yake ya zamani, ila sasa hana wa kuzungumza naye. Jachien wa kale angeweza kuridhishwa kwa haki iliyocheleweshwa. Jachien mpya hana haki yoyote ya kutendewa, anakemewa tu. Na mgonjwa, ambaye zamani alikuwa mahali ambapo kosa la ukoo limejitokeza, akawa mahali ambapo Shetani amepata nafasi. Swali likageuka kutoka "ni nani aliyekosewa?" likawa "umemfungulia mlango kwa dhambi gani?"

Wakati huohuo vilio vilipunguzwa sauti. Tero buru, pombe ya matanga, nyimbo za nyatiti, kunyoa, chola, tero ya mjane, yaani kurithiwa kwake, yote yalikatazwa, na badala yake kukaja nyimbo za kitabu, mahubiri na tumaini la ufufuo. (Hata siku ya mazishi ikawa alama: Wakenya wengi wakizika Jumamosi, Msabato anazika Ijumaa au Jumapili.) Tumaini hilo halikuwa dogo. Lakini lilikuja na kanuni isiyoandikwa kwamba anayeamini ufufuo halii kama wasio na matumaini, na kanuni hiyo haikuwa na kalenda. Ukoo wa zamani ulimwambia mjane lini amalize. Kanisa lilimwambia afarijike, na asipofarijika baada ya mazishi, zikabaki sababu mbili tu zinazoelezeka kwa lugha ya kanisa: imani haba, au pepo. Ugonjwa wenyewe haukuwa na chumba katika nyumba hiyo.

Hapa msomaji wa Kisabato atapinga, na ana haki. Ni kanisa hili lililojenga hospitali ya Kendu katika miaka ya 1920 na kufundisha wauguzi. Kitabu cha Ellen White, mmoja wa waanzilishi wa kanisa hilo, kuhusu huduma ya uponyaji kilitoka mwaka 1905, mwaka mmoja kabla ya Gendia, na kinasisitiza kwamba akili na mwili vinaathiriana, kwamba huzuni inaweza kuangusha afya ya mtu. Waadventista wa Marekani walikuwa na sanatorio mashuhuri ya Battle Creek wakati makanisa mengi hayakuwa hata na zahanati. Yote ni kweli, na yanafanya swali liwe gumu zaidi: kwa nini urithi huo haukufika kitandani mwa mgonjwa wa akili wa Nyanza Kusini? Jibu langu ni kwamba hospitali na mimbari ziligawana mtu. Malaria, jeraha na uzazi vilikwenda Kendu. Ndoto, sauti na kimya cha mjane vilibaki kwa wazee wa kanisa. Wala serikali haikuwa na cha kuziba pengo. Hospitali ya wagonjwa wa akili ilikuwa moja, Mathari, iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1910 katika majengo yaliyokuwa ya kuwatenga wenye ndui, na aliyefikishwa huko kutoka ziwani kwa kawaida alikuwa amekwisha kuvunja amani mbele ya chifu. Mathari ilikuwa na kazi nyingine pia. Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa, kaskazini mwa Nyanza, alipowasumbua wakoloni aliwekwa humo mwaka 1945. Mumbo, dini iliyoanza 1913 kwa Onyango Dunde wa Alego kudai kwamba nyoka mkubwa wa ziwani amempa ujumbe wa kuwakataa Wazungu na kanisa lao, ilienea Nyanza Kusini, nayo ilitibiwa kwa njia nyingine: viongozi wake walihamishiwa Lamu.

Kutokana na wagonjwa wa Mathari, J. C. Carothers, aliyeiongoza tangu 1938, aliandika katika ripoti yake ya 1953 kwa Shirika la Afya Duniani kwamba sonona ni nadra kwa Mwafrika. Lilikuwa kosa la mtu anayehesabu samaki kwa kuangalia wavu wake tu. Mtafiti Margaret Field aliketi kwenye vihekalu vya waganga huko Ghana, na kitabu chake cha 1960 kikaonyesha wanawake wengi waliokuja kujishtaki wenyewe kuwa ni wachawi walioua watoto wao, na akatambua kwamba wengi wao walikuwa na sonona. Huzuni haikuwa nadra. Ilikuwa imevaa nguo za dini, na daktari hakuzitambua. Nyanza Kusini ilihitaji mtu wa kwenda kutazama makanisani, na aliyewahi kufanya hivyo hakuwa daktari.

Huyo alikuwa mama mfiwa. Gaudencia Aoko, mwanamke kijana Mkatoliki mwenye umri wa miaka ishirini hivi, alifiwa na watoto wake wawili siku moja mwaka 1963, na vifo hivyo vikahesabiwa kuwa vya uchawi. Pamoja na Simeo Ondeto alisimama mbele ya vuguvugu lililolipuka upande wa Suna na kuwa Legio Maria, kanisa lililowavuta makumi ya maelfu ya watu, wengi wao wakitoka Ukatoliki. Aoko aliwabatiza watu, akachoma hirizi zao, akaombea wagonjwa. Mahali patakatifu pa kanisa hilo ni kilima cha Got Kwer, Migori, ambapo Ondeto alizikwa baada ya kufa mwaka 1991. Wanahistoria wamelitazama kama uasi dhidi ya mapadre weupe, na kama jibu kwa uhuru uliokuwa unakaribia. Sawa. Lakini liangalie kwa upande wa kilio: mwanamke ambaye msiba wake haukuwa na nafasi katika liturujia ya Kilatini alijenga kanisa ambamo mwenye kutetemeka, kupiga mayowe na kusema kwa sauti isiyo yake hakutolewa nje, alisogezwa mbele. Roho na wafu walirudi kuwa na majina. Waroho, waliotokana na harakati ya Alfayo Odongo Mango aliyeuawa Musanda mwaka 1934, walikuwa tayari wakifanya jambo linalofanana na hilo kwa ngoma na majoho yao. Makanisa haya yanadharauliwa na Wasabato na Wakatoliki vilevile, na dharau hiyo inaficha kwamba waumini wa makanisa makubwa huenda huko usiku, hasa wakiwa na mgonjwa ambaye mchungaji wao amekwisha kumkemea pepo mara tatu bila nafuu.

Pingamizi la pili lina uzito kuliko la kwanza: je, hii si kupaka rangi nzuri mambo ya kale? Janeko alifungwa kamba kabla mzungu yeyote hajaliona ziwa. Mjane wa chola alitengwa, na siku ya mwisho ya huzuni yake ilimlazimu kulala na mwanamume ambaye pengine hakumtaka. Na aliyejinyonga alitendewa vibaya kuliko wote: maiti ilichapwa, mti aliojitundikia ulikatwa na kuchomwa, akazikwa nje ya boma bila kilio, na jina lake halikupewa mtoto. Sina la kutetea hapo. Ninachosema ni kwamba makanisa, ambayo kwingine yalibomoa mila, yalipofika kwenye kifo hiki hasa yalijikuta yanakubaliana nayo. Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1917 ilimnyima maziko ya kanisa aliyejiua kwa kukusudia. Ile ya 1983 iliondoa katazo hilo, lakini vijijini habari hiyo imetembea polepole kuliko miaka. Mkoloni aliongeza mlinzi wa tatu: kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa linaloweza kumpeleka mtu gerezani hadi miaka 2. Mila, madhabahu na mahakama zilisimama mstari mmoja mbele ya mtu aliyekata tamaa. Mahakama Kuu ya Nairobi ilikifuta kifungu hicho, kikihesabiwa kuwa kinyume cha Katiba, Januari 2025.

Miaka mingi kabla ya hukumu hiyo lilikuja janga lililoonyesha gharama ya yote hayo. UKIMWI ulitangazwa kuwa janga la taifa Novemba 1999, na dawa hazikuwa za bure katika vituo vya serikali hadi 2006. Hata katika utafiti wa kitaifa wa 2018, Homa Bay ilikuwa na asilimia 19.6 ya watu wazima wenye virusi, kiwango cha juu kuliko kaunti zote, na Migori asilimia 13. Tafakari maana yake kwa kalenda ya msiba. Familia iliyokuwa haijamaliza taratibu za kaka ilikuwa inamzika mkewe. Wazee walisema ni chira, ugonjwa wa kukonda unaompata aliyevunja miiko. Mimbari ilisema ni uzinzi. Majibu yote mawili yalimwelekezea marehemu kidole, na kuwaacha waliobaki na huzuni isiyoweza kutamkwa kwa sababu kuitamka ni kutaja chanzo. Miaka hiyo mikesha ya maombi na ibada za kutoa pepo zilijaa. Sidhani ni kwa sababu watu walizidi kuwa washirikina. Walikuwa na majonzi ya miaka kumi, na pepo ndiye pekee aliyeruhusiwa kuwa sababu ya kulia hadharani.

Ni rahisi sasa kumgeuza mchungaji kuwa mkosaji. Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya Oktoba 2020 kuhusu kufungwa minyororo kwa wagonjwa wa akili duniani, lilieleza kituo cha maombi kandokando ya Kisumu ambako watu walifungwa hivyo, na hakuna hoja ya kihistoria inayoweza kuutetea mnyororo. Lakini familia iliyompeleka mgonjwa wake hapo kwa kawaida ilipita kwanza zahanati isiyokuwa na dawa wala mtu wa kuuliza. Jopokazi la serikali kuhusu afya ya akili lilipotoa ripoti mwaka 2020 lilitaka hali hiyo itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Kule Makueni watafiti wamewaketisha wahubiri, waganga na wahudumu wa afya meza moja, wakakubaliana namna ya kupelekeana wagonjwa; jambo hilo halikumtaka mhubiri aache kuomba.

Siku hizi wataalamu nao wanaweka kalenda. Orodha ya kimataifa ya magonjwa, toleo la 11, iliyoanza kutumika 2022, ina ugonjwa unaoitwa huzuni ya kifo iliyorefuka: majonzi makali yanayozidi miezi 6, na yanayopita wazi kile ambacho utamaduni au dini ya mfiwa inakubali. Sharti hilo la mwisho ndilo litakalomsumbua muuguzi wa Rachuonyo au wa Nyatike akiwa na mjane mbele yake na fomu mkononi. Ukoo wa mjane huyo unasema bado yuko katika chola, kwa kuwa amekataa kuondolewa kaburini kwa njia ya zamani. Kanisa lake lilitarajia awe amefarijika tangu Jumapili ya mazishi. Muuguzi atahesabu miezi 6 kuanzia wapi?